Róisín Dubh ni nani?

Kwa karibu miaka mia mbili Waayalandi wamekuwa wakibishana juu ya mwanamke ambaye hakuna anayejua alizaliwa wapi, wala kama aliwahi kuzaliwa. Anaitwa Róisín Dubh, Waridi Jeusi Dogo, na ukilisikia jina hilo kwa mwenyeji utasikia kitu kama "Roshiin Duv". Anaimbwa kwa Kigaeli, lugha ya asili ya kisiwa kile, polepole sana, na mwimbaji mara nyingi hana hata ala moja ya kumsindikiza. Wapo wanaoapa kwamba Róisín ni nchi ya Ayalandi yenyewe, iliyofichwa ndani ya jina la msichana ili mtawala wa Kiingereza asielewe. Wapo wanaosema ni msichana tu, mwenye nywele nyeusi, aliyependwa na mtu ambaye hakuruhusiwa kumpenda.

Mimi niko upande wa msichana. Nimesoma hoja za pande zote mbili kwa muda mrefu na bado niko naye, ingawa sidhani kwamba wale wa nchi wanaweza kufukuzwa kwenye mazungumzo haya. Wana haki yao, na nitafika huko.

Tuanze na wimbo wenyewe. Hauna mwandishi anayejulikana, na beti zake hupungua na kuongezeka kutegemea anayeimba na alikolelewa. Ubeti unaojulikana zaidi unaanza kwa kumbembeleza: Róisín, usihuzunike kwa yaliyokupata. Ndugu watawa wako njiani, wanavuka bahari. Rehema yako itafika kutoka kwa Papa, kutoka Roma upande wa mashariki. Na divai ya Hispania isihesabiwe matone, mmiminieni Róisín wangu.

Ubeti mwingine ni wa safari. Mwimbaji anasema amekwenda naye mwendo mrefu tangu jana hadi leo, milima wamevuka, matanga yamewachukua baharini, na mto Erne ameuruka ingawa mkondo wake ni mkubwa, huku muziki wa nyuzi ukilia kila upande wao. Kisha anamlaumu: umeniua, bibi harusi, umeniacha dhaifu sura na umbo, usinisaliti nami nakupenda. Kisha anamwahidi kwamba angetembea naye kwenye umande na kwenye mashamba yaliyoachwa, almuradi apate neno moja la siri kutoka kwake. Humo humo anamwita ua teule la Munster, lile jimbo la kusini.

Ubeti wa plau ndio nilioupenda tangu siku ya kwanza nilipouelewa. Ningekuwa na farasi wa plau, anasema, ningelima kuelekea juu ya vilima. Ningemtungia Róisín wangu Injili katikati ya Misa. Ningembusu msichana ambaye angenipa ubikira wake, na nyuma ya boma la kale tungefanya mambo yetu, mimi na Róisín Dubh.

Na wa mwisho ni wa kutisha. Erne itafurika kwa nguvu, vilima vitapasuka, bahari itakuwa mawimbi mekundu na mbingu itakuwa damu, kila bonde la Ayalandi litatetemeka, siku moja, kabla Róisín wangu hajafa.

Sasa msomaji aone tatizo lilipo. Ukiusoma ubeti wa kwanza na wa mwisho peke yake, ni vigumu kutosikia vita. Ukiusoma wa plau peke yake, ni vigumu kusikia kitu kingine chochote isipokuwa mwili wa kijana na mwili wa msichana.

Niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa shuleni Kenya. Mapadri wa Kiayalandi wamefundisha kwetu vizazi kadhaa, na mmoja wao, mzee tayari wakati huo, alikuwa na desturi ya kutuimbia jioni za sikukuu. Alisimama wima, akafumba macho, akaimba bila gitaa wala kinanda. Hatukuelewa hata silabi moja. Alipomaliza, mwenzetu mmoja aliuliza, "Padri, huyo Róisín ni nani?" Akajibu, "Ni nchi yangu." Tukaridhika. Sisi wenyewe tulikuwa tumelelewa na nyimbo zinazoita nchi mama.

Jibu la padri yule lina tarehe na lina mtu. Mwaka 1831 James Hardiman, mwanahistoria aliyekuwa tayari ameandika historia ya mji wa Galway, alichapisha vitabu viwili vya mashairi na nyimbo za Kigaeli vilivyoitwa Irish Minstrelsy. Lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba watu wa asili wa Ayalandi, Wakatoliki ambao walikuwa wameruhusiwa kukaa katika bunge la London miaka miwili tu kabla, walikuwa na fasihi ya kale yenye heshima. Alipofika kwa Róisín Dubh alieleza kwamba ni wimbo wa fumbo la kisiasa, uliotungwa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza kumtukuza Hugh O'Donnell Mwekundu, bwana wa Tír Chonaill kaskazini magharibi. Mpendwa ni Ayalandi. Anayempenda ni O'Donnell.

Hardiman hakuwa akiota. O'Donnell ni mtu ambaye maisha yake yanaomba kuimbwa. Aliwekwa kifungoni katika ngome ya Dublin akiwa kijana mdogo, akatoroka katikati ya majira ya baridi, akatembea kwenye theluji ya milima ya Wicklow hadi akapoteza vidole gumba vya miguu yote miwili kwa baridi. Akarudi kwao, akawa bwana wa ukoo wake, akaungana na Hugh O'Neill, bwana mwingine mkubwa wa kaskazini, katika vita ambavyo nusura viuondoe utawala wa Kiingereza kisiwani. Mwaka 1600 Papa Klementi wa Nane alitoa rehema kwa wote waliopigana chini ya O'Neill. Mwezi Septemba 1601 jeshi la Hispania lilitia nanga Kinsale, pwani ya kusini, katika jimbo la Munster. Waayalandi wa kaskazini waliteremka kisiwa kizima wakati wa baridi kwenda kuungana na Wahispania, na wakashindwa vibaya mkesha wa Krismasi kwa kalenda ya Waingereza.

Kwa hiyo rehema ya Papa ilikuwepo kweli. Wahispania walikuja kweli. Na ndugu watawa walivuka bahari kweli, kwani Waayalandi walisomea upadri na utawa Salamanca, Leuven na Roma, kisha wakarudi kwa siri nchini kwao. Hata mto ni wake, maana Erne unaingia Atlantiki pale Ballyshannon, mahali ambapo O'Donnell walikuwa na ngome.

Baada ya Kinsale, O'Donnell alikwenda Hispania kuomba jeshi la pili. Akafa huko Simancas mwezi Septemba 1602, hajafikisha miaka 30, akazikwa Valladolid katika kanisa la Wafransisko ambalo baadaye lilibomolewa. Mwaka 2020 wanaakiolojia walifukua barabara ya Valladolid wakitafuta mifupa yake. Walipata kuta za kanisa na mifupa ya watu wengi, na walichokuwa wakikitazamia ni miguu isiyo na vidole gumba. Nilifuatilia habari ile kwa wiki kadhaa. Miaka zaidi ya 400 imepita na bado kuna watu wanaomtafuta aliyeahidi kurudi na divai ya Hispania.

Pamoja na hayo yote, ndani ya maelezo ya Hardiman kuna sentensi ambayo wanaomnukuu hupenda kuiruka. Anasema maana ya fumbo ilikuwa imeshasahauliwa zamani, na kwamba katika siku zake watu waliuimba kama wimbo wa huzuni wa mapenzi. Hebu tusimame hapo. Mtu anayeandika mwaka 1831, katikati ya watu wanaoimba Kigaeli, anatoa ushahidi kwamba waimbaji wenyewe wanamjua Róisín kama mwanamke. Yeye anawaambia wamesahau. Mimi nauliza, je, kama hawakuwa wamesahau chochote?

Wa kwanza kumuuliza hivyo hadharani alikuwa Samuel Ferguson, kijana wa Belfast, Mprotestanti, mwenye miaka 24. Mwaka 1834 aliandika makala nne ndefu kuhusu kitabu cha Hardiman katika Dublin University Magazine, jarida la Waprotestanti waliotaka Ayalandi ibaki chini ya taji la Uingereza. Aliposikia neno "fumbo la kisiasa" alikasirika. Kwake huu ulikuwa wimbo wa padri aliyependa. Padri aliyevunja nadhiri, anayengoja ruhusa kutoka Roma, na aliye tayari kuacha altare akashike plau kwa ajili ya mwanamke huyu.

Rudi kwenye ubeti wa plau uone jinsi unavyomtii Ferguson. Nani mwingine angeota kumtungia mpenzi Injili katikati ya Misa? Kwa nini msichana wa kawaida angojee karatasi ya Papa? Kwa nini kulima kuwe ndoto, kama si kwa mtu ambaye kazi yake si kulima? Kila kitu ambacho Hardiman alikiona bendera, Ferguson alikiona kitanda, na maneno hayakulazimika kubadilika hata moja.

Niliposoma makala ile nilimkumbuka padri wetu, na sitaficha kwamba nilikaa kimya muda mrefu. Simaanishi kwamba alikuwa na siri. Namaanisha kwamba wimbo wenye mistari hiyo ulikuwa mdomoni mwa mtu aliyeweka nadhiri ya useja akiwa kijana, akaondoka kwao, akaimba mbali kuliko matanga ya wimbo yalivyowahi kufika. Akiulizwa ni nani, anasema ni nchi. Huenda kwake lilikuwa jibu kamili. Ningetamani kumuuliza tena, lakini alishafariki.

Ferguson alikuwa na sababu zake za kisiasa pia, na haifai kuzipuuza. Mtu wa upande wake alipendelea Wakatoliki wa vijijini wawe watu wa hisia kali na nyimbo tamu, si watu wenye kumbukumbu ya Kinsale na hesabu ya kulipizwa. Kuliondoa taifa ndani ya wimbo kulimfaa. Ila mtu anaweza kuwa na sababu isiyo safi na bado akaona kilichopo mbele ya macho yake, na Ferguson alikiona. Alijifunza Kigaeli, alipenda lugha ile, na tafsiri zake mwenyewe ni za mtu aliyeinama karibu na asili kuliko zile alizokuta kwa Hardiman.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu ndio mzito zaidi, nao ni wa vina na mizani. Washairi rasmi wa mabwana wa Kigaeli, watu waliosomea kazi hiyo miaka mingi na kulipwa kwa ng'ombe na ardhi, walihesabu silabi. Kila mshororo ulikuwa na mizani yake na mtunzi aliyekosea aliaibika. Msomaji wa Kiswahili anaujua ulimwengu huo bila kuelezwa. Tunazo tungo za namna hiyo zilizotungwa kwa ajili ya O'Donnell Mwekundu mwenyewe. Eoghan Rua Mac an Bhaird, mshairi wa ukoo wake, alimtungia shairi la kumuaga alipokwenda Hispania. Lina fahari, lina hofu, lina sala kwa ajili ya meli.

Róisín Dubh haukutungwa hivyo. Unakwenda kwa mkazo wa sauti, irabu zikiitana kutoka mshororo hadi mshororo, mtindo wa nyimbo za watu wasiolipwa na bwana yeyote, na mtindo huo ulitawala baada ya mabwana wenyewe kuondoka kisiwani. Mtunzi wa O'Donnell hangeutunga. Na asingemwita Ayalandi nzima ua teule la Munster, akiwa yeye ni mtu wa Donegal, ndiyo Tír Chonaill, upande wa pili wa kisiwa. Anayesema hivyo anamsifu binti wa mahali fulani.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoamini ilikwenda. Palikuwa na wimbo wa mapenzi, labda zaidi ya mmoja, ukizunguka kutoka kijiji hadi kijiji na kuokota beti njiani. Karne ya 18 ilikuwa karne ya sheria dhidi ya Wakatoliki. Kwa sheria ya mwaka 1697 maaskofu na ndugu watawa walifukuzwa nchini, na aliyerudi alirudi akiwa mhalifu. Ilikuwa pia karne ya mashairi ya ndoto, ambamo mshairi analala, anatokewa na mwanamke mzuri kupita kiasi, na mwanamke huyo anajitambulisha kuwa ni Ayalandi, anamlilia mume halali aliye ng'ambo. Kila mtu aliyekuwa na sikio alijua kwamba mwanamke anayelia ndani ya shairi anaweza kuwa nchi. Katika hali hiyo huhitaji mtu wa kuuficha ujumbe. Wimbo wa mapenzi ukipita katika nyumba ambamo watu wanamngoja mtawa aje usiku kubatiza mtoto, ule mstari wa watawa wanaovuka bahari utapokewa kwa namna ambayo mtunzi hakuipanga.

Sisi tunaelewa hili kwa sababu ya taarabu. Ukumbini mwimbaji anaimba habari za ua, au ndege, au chungu kilichovunjika. Mama mmoja anainuka kutoka kiti cha nyuma, noti mkononi, anakwenda mbele taratibu akicheza, anamtunza mwimbaji huku akimtazama mtu fulani upande wa kushoto. Kuanzia dakika hiyo ubeti ule una mwenyewe. Hakuna anayemwambia mama, "Keti chini, mtunzi hakumaanisha jambo lako." Mtunzi anaweza kuwa amekufa. Maana imekamilishwa na aliyeinuka, na kesho usiku atainuka mwingine kwa jambo lake.

Hardiman aliinuka mwaka 1831. Miaka 15 baadaye aliinuka James Clarence Mangan, naye aliubadilisha wimbo kiasi kwamba watu wengi duniani wanaomjua Róisín wanamjua kupitia yeye.

Mangan alizaliwa Dublin mwaka 1803, mtoto wa mfanyabiashara aliyefilisika. Tangu utotoni alifanya kazi ya kunakili hati kwa mawakili, saa nyingi, ujira kidogo. Alitembea mjini amevaa joho kuukuu na miwani ya kijani. Kigaeli hakukijua vizuri. Alikutana na wajuzi wake, akina John O'Donovan na Eugene O'Curry, walipofanya kazi pamoja chini ya George Petrie katika idara ya upimaji wa ramani, na baadaye aliandika tungo zake akiegemea tafsiri za neno kwa neno alizopewa na wengine. Tarehe 30 Mei 1846 gazeti la The Nation, sauti ya vijana wa taifa, lilichapisha Róisín Dubh wake wa Kiingereza, Dark Rosaleen.

Tarehe hiyo ndiyo inayoeleza kila kitu. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umeingia Ayalandi mwaka 1845. Watu maskini, hasa wa magharibi ambako Kigaeli kiliongewa zaidi, waliishi kwa viazi karibu peke yake. Kufikia masika ya 1846 njaa ilikuwa imeshabisha hodi, na mavuno yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Kabla Njaa Kuu haijaisha, watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja waliondoka. Mangan aliandika akiwa ndani ya mlango wa janga hilo.

Angalia alichofanya. Divai ya Hispania, ambayo kwenye asili ni kinywaji cha kumchangamsha mwanamke mwenye huzuni, kwake inatoka kwa Papa, na Hispania inatoa pombe ya kumpa Rosaleen matumaini, afya na msaada; msomaji wa The Nation hakuhitaji kuambiwa kwamba meli zile zimebeba silaha. Watawa hawaji tu, wanapiga hatua za askari juu ya bahari. Plau ameibakiza, na vilima vya juu vinalimwa. Lakini busu, ubikira, na mambo ya nyuma ya boma vimefutika. Mahali pake mwimbaji anaahidi kupiga magoti usiku kucha akisali kwa ajili ya maumivu ya Rosaleen. Na kwenye ubeti wa mwisho, ambapo asili inasema Erne itafurika na wekundu uko baharini na mbinguni, Mangan anaumwaga wekundu ule ndani ya mto wenyewe, damu ikizidi kingo, kisha anaongeza moto vilimani, mlio wa bunduki na kelele za vita mabondeni. Bunduki hazimo kwenye Kigaeli.

Ningeweza kumlaumu kwa kumfunika msichana. Nimejaribu na siwezi. Mtu anayekaribia kuona taifa lake likifa kwa njaa anauchukua wimbo ulio karibu, na mstari unaosema "kabla Róisín wangu hajafa" unapata uzito ambao hakuna mpenzi yeyote wa karne ya 18 angeweza kuupatia. Mangan aliurudia wimbo ule baadaye, akautafsiri tena kwa ukaribu zaidi na asili, kwa hiyo alijua alichokiacha. Tarehe 20 Juni 1849 alikufa hospitalini Dublin wakati wa mlipuko wa kipindupindu, mwili wake ukiwa umedhoofishwa na utapiamlo na pombe. Alikuwa na miaka 46.

Kuanzia hapo Róisín wa siasa alikuwa na miguu yake mwenyewe. Joseph Plunkett, mmoja wa waliotia saini tangazo la jamhuri katika uasi wa mwaka 1916 dhidi ya Waingereza, aliandika shairi ambalo jina lake linasema waridi jeusi dogo hatimaye litakuwa jekundu. Usiku kabla ya kupigwa risasi, tarehe 4 Mei, alimwoa Grace Gifford ndani ya gereza la Kilmainham. Wanaosema wimbo huu lazima uwe wa mwanamke au wa nchi, mmoja tu, wangemweleza nini kijana yule?

Kisha ukaja muziki usio na maneno. Mwaka 1959 shirika la Gael Linn lilitoa Mise Éire, filamu ya George Morrison iliyoundwa kwa picha za zamani za mapambano ya uhuru. Muziki ulitungwa na Seán Ó Riada, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 30. Alichukua wimbo wa Róisín Dubh akaupa okestra nzima, na mahali unapoanza kupanda anamkabidhi mpiga honi, lile tarumbeta la shaba lililokunjwa duara. Waayalandi wa umri fulani huniambia kwamba wazazi wao walilia kwenye kumbi za sinema. Nami nasimama nywele kila honi ile inapoingia. Lakini tazama kilichotokea: ubeti wa plau hauwezi kupigwa na honi. Maneno yakishaondoka, taifa linabaki peke yake.

Wakati hayo yote yakiendelea Dublin, kule Connemara, Donegal na Munster watu waliendelea kuuimba jikoni. Kwa mtindo wao wa kale mwimbaji huimba peke yake bila ala, akizirefusha sauti na kuzipamba tofauti kila ubeti, pengine ameketi akitazama sakafu. Mara nyingine msikilizaji humshika mkono na kuuzungusha taratibu, au humtia moyo kwa neno moja katikati ya mshororo. Joe Heaney, aliyezaliwa mwaka 1919 karibu na Carna, alikuwa mmoja wa mabingwa wa mtindo huo. Alihamia Scotland, London, kisha Marekani, ambako alifanya kazi ya kufungua mlango kwenye jengo la makazi New York kabla ya kuitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Heaney hakupenda kuimba bila kwanza kusimulia kisa cha wimbo: nani alimpenda nani, nini kilitokea, nani alikufa. Alilelewa katika desturi inayosema wimbo bila kisa chake haujatolewa mzima.

Na kwa desturi hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na visa viwili au vitatu, kila kijiji na chake, bila mtu kuona haja ya kupeleka shauri mahakamani. Wasomi wa 1831 na 1834 ndio waliodai hukumu.

Erne yenyewe, mto ambao mwimbaji aliuruka na ambao ungefurika siku ya mwisho, ulifungwa kwa mabwawa ya umeme katika miaka ya 1940 na 1950. Maporomoko yake ya Assaroe pale Ballyshannon, yaliyotajwa katika hadithi za kale kabisa za kisiwa kile, yalitoweka. Wanaouimba wimbo leo wanaapa kwa mto ambao hauwezi tena kufurika bila ruhusa ya mhandisi, na hawajabadilisha mstari.

Ukitaka kuusikiliza, nakusihi usianze na okestra. Mtafute mwimbaji mmoja wa Kigaeli asiye na ala, zipo rekodi nyingi mtandaoni, na umsikilize mara mbili kabla ya kusoma tafsiri yoyote. Ukishazijua beti, sikiliza kama ule wa plau umo, kwa sababu wengine huuruka, na ukirukwa unaambiwa upande wa mwimbaji bila yeye kusema. Halafu nenda kwa Ó Riada na honi yake. Mangan awe wa mwisho, asomwe kwa sauti kubwa, na tarehe ya gazeti iwe mbele ya macho: 30 Mei 1846.